Mwewe wa jana, njiwa wa leo: majina ya vita yanavyohama chama

Wandugu, leo tuongee kuhusu maneno. Sina maana ya maneno ya kwenye khanga. Nazungumzia yale maneno ambayo wakubwa wa dunia wakiyatamka, baada ya muda mfupi kuna mji fulani unawaka moto. "Mpenda vita." "Mpenda kujitenga." "Kujenga taifa." "Kulinda raia." Ukifungua habari za kimataifa unayakuta kila siku, na wengi wetu tunayameza kama yalivyo. Tunasema yule ni mwewe, huyu ni njiwa, chama hiki ni cha vita, kile ni cha amani. Kisha tunabishana vijiweni mpaka kahawa inapoa.

Hoja yangu ni fupi. Majina haya ni jezi tu. Unajua mchezaji akihama Yanga kwenda Simba inavyokuwa. Wale waliomzomea Jumamosi iliyopita wanamwimbia Jumamosi hii, na waliomwimbia wanamwita msaliti. Miguu ni ileile, kilichobadilika ni rangi ya jezi. Ndivyo siasa za Marekani zinavyofanya na vita. Nimeichagua Marekani kwa sababu kumbukumbu zake za kura ziko wazi, na kwa sababu mabomu yake yamefika mpaka kwa majirani zetu.

Najua dakika za kafe zinahesabiwa, kwa hiyo twende moja kwa moja.

Vita vilikuwa vya nani?

Ukimuuliza kijana wa leo chama cha vita Marekani ni kipi, wengi watakujibu Republican. Watakutajia Bush na Iraq, basi. Sasa rudi mwaka 1976. Bob Dole, mgombea mwenza wa Republican, alisimama kwenye mdahalo wa wagombea wa umakamu wa rais akawatupia Wademocrat lawama za vita vyote vikubwa vya karne ya 20. Aliviita vita vya Democrat, akasema Wamarekani waliokufa na kujeruhiwa humo wangetosha kuujaza mji wa Detroit.

Watu walimshangaa kwa ukali wake, lakini orodha yenyewe hakuitunga. Vita Kuu ya Kwanza, rais alikuwa Wilson, Democrat. Ya pili, Roosevelt, Democrat. Korea, Truman, Democrat. Vietnam, aliyepeleka majeshi kwa mamia ya maelfu ni Johnson, Democrat. Wakati huohuo Republican ndiyo iliyokuwa nyumba ya watu walioitwa wapenda kujitenga. Seneta Robert Taft wa Ohio, mtu mzito kabisa ndani ya chama hicho, mwaka 1949 alipiga kura kupinga Marekani kuingia NATO.

Kisha jezi zikaanza kubadilishana. Mwaka 1972 Wademocrat walimsimamisha George McGovern, ambaye kampeni yake nzima ilikuwa ni kuirudisha Marekani nyumbani kutoka Vietnam. Warepublican wakageuka wakasema: hawa ni walegevu, wanakimbia, hawaipendi nchi yao. Lile neno "kujitenga" lililokuwa limewakaa Warepublican wakalitoa mwilini wakamvisha mpinzani.

Wale walioitwa "wahafidhina mamboleo", ambao baadaye tuliwajua kwa vita vya Iraq, nao wamepita njia hiyohiyo. Wengi wao hawakuanzia Republican. Kadhaa walitokea kwenye kambi ya Seneta Henry Jackson wa jimbo la Washington, Democrat mwenye msimamo mkali dhidi ya Urusi ya Kisovieti. Chama chao kilipoelekea upande wa McGovern, wao wakahama polepole. Jeane Kirkpatrick alikuwa balozi wa Reagan Umoja wa Mataifa huku bado akiwa Democrat. Kadi ya Republican aliichukua mwaka 1985. Kwa hiyo wazo halikufa wala kuzaliwa upya. Lilihama nyumba na vyombo vyake vyote.

Somalia, au jinsi "kujenga taifa" lilivyokuwa tusi

Sasa tuje karibu na nyumbani. Desemba 1992 Rais Bush mzee, Republican aliyekuwa ameshashindwa uchaguzi, alipeleka askari Somalia. Njaa ilikuwa inaua watu na magenge yalikuwa yanapora chakula cha msaada. Kazi hiyo aliiita ya kibinadamu: kulinda chakula, halafu kuondoka. Mwezi uliofuata akakabidhi ofisi kwa Clinton, Democrat, pamoja na askari waliokuwa kule.

Chini ya Clinton kazi ikapanuka. Umoja wa Mataifa ukataka kuisimamisha tena serikali ya Somalia, na askari wa Marekani wakaanza kumsaka Jenerali Aidid. Oktoba 3 na 4, 1993, Mogadishu ikawaka. Wamarekani 18 walikufa. Wasomali waliokufa walikuwa mamia, ila hao hawakuonyeshwa sana kwenye televisheni. Clinton akatangaza kwamba majeshi yatatoka kabla ya mwezi Aprili 1994.

Hapo ndipo neno "kujenga taifa" lilipogeuka tusi katika siasa za Washington. Fikiria hilo kidogo. Sisi Tanzania tuna Jeshi la Kujenga Taifa tangu mwaka 1963. Kijana akirudi JKT mama anajivunia. Kule kwao, kuanzia Somalia, kumwambia mwanasiasa kwamba anajenga taifa ni sawa na kumwambia anapoteza damu ya watoto wa watu kwa mambo yasiyomhusu. Warepublican walilitumia neno hilo dhidi ya Clinton kwa miaka yote iliyobaki, na wengi walisahau, au walijisahaulisha, kwamba aliyefungua mlango wa Mogadishu alikuwa rais wa chama chao.

Na tusi hilo halikubaki mdomoni. Majeshi yalitoka Somalia Machi 1994. Aprili 1994 Rwanda ikaanza kuchinjwa.

Neno moja, watu laki nane

Hapa naomba tusome polepole.

Mauaji ya Rwanda yalichukua takriban siku 100. Umoja wa Mataifa hukadiria waliokufa kuwa 800,000, na serikali ya Rwanda yenyewe inasema ni zaidi ya milioni moja. Aprili 21, wiki mbili tangu mauaji yaanze, Baraza la Usalama lilipiga kura kupunguza walinda amani waliokuwapo Kigali mpaka wabaki 270 hivi. Sijakosea, kupunguza. Nyumba inaungua, zimamoto wanarudi kituoni.

Washington walikuwa wanafanya nini? Walikuwa wanabishana juu ya neno. Kuna mkataba wa kimataifa wa mwaka 1948 unaozitaka nchi zilizousaini kuzuia mauaji ya kimbari. Karatasi moja ya ndani ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani, ya Mei 1, 1994, ambayo baadaye ilitolewa hadharani, iliwatahadharisha maofisa kuhusu kulitumia neno hilo, kwa sababu likishatamkwa rasmi linaweza kuilazimisha serikali ifanye kitu. Basi wakatafuta njia ya uchochoro. Mwezi Juni msemaji wa Wizara ya Mambo ya Nje akawa anasema kuna "vitendo vya mauaji ya kimbari". Mwandishi mmoja akamuuliza: vitendo vingapi vinahitajika ili yawe mauaji ya kimbari? Hakupata jibu la maana.

Jamani, usanii wa maneno una gharama. Kwenye kamusi "vitendo vya" ni maneno mawili tu. Kwenye vilima vya Rwanda yalikuwa muda, na muda ulikuwa watu.

Sasa ngoja nikuonyeshe kitu. Oktoba 11, 2000, Bush mdogo na Al Gore wanakutana kwenye mdahalo wa pili wa urais. Bush anasema majeshi ya Marekani yasitumike kwa kazi ya kujenga mataifa ya watu, na anatoa mfano wa Somalia, kwamba ilianza kama kazi ya kibinadamu ikageuka ya kujenga taifa na hapo ndipo ilipoharibika. Anaulizwa kuhusu Rwanda. Anajibu kwamba serikali ya Clinton ilifanya uamuzi sahihi kutopeleka askari. Yaani jamaa wanapingana kuhusu kodi, shule na hospitali, ila kuhusu kukaa pembeni Rwanda inapokufa, Republican anampigia Democrat makofi. Mimi hapo ndipo ninapopima uzito wa majina haya. Pale ambapo Waafrika wangehitaji sana vyama hivyo vitofautiane, havikutofautiana.

Kosovo na Iraq: badilisheni magoli

Kabla ya mdahalo huo kulikuwa na Kosovo. Machi 1999 Clinton na NATO walianza kuipiga Yugoslavia kwa mabomu, kazi iliyochukua siku 78. Aprili 28 Baraza la Wawakilishi lilipigia kura azimio la kuunga mkono mashambulizi ya anga. Matokeo: 213 kwa 213. Sare, kwa hiyo azimio likaanguka. Wengi wa waliopinga walikuwa Warepublican. Hoja zao zilikuwa hizi: hiyo nchi haijatushambulia, hakuna mpango wa kutoka, rais hana ruhusa ya Bunge, Marekani si polisi wa dunia.

Hoja nzuri kabisa. Zikunje uziweke mfukoni, maana utazikuta tena baada ya miaka mitatu na nusu, midomoni mwa watu wengine.

Oktoba 2002. Rais sasa ni Bush mdogo, na swali ni Iraq. Baraza la Wawakilishi: 296 ndiyo, 133 hapana. Warepublican waliosema hapana walikuwa sita tu. Hesabu vidole vya mkono mmoja, ongeza kimoja. Wademocrat wa Baraza hilo wengi wao walipinga, 126 dhidi ya 81, na hoja zao? Hiyo nchi haijatushambulia, hakuna mpango wa kutoka, Marekani si polisi wa dunia. Kule Seneti, 77 kwa 23, Wademocrat 29 waliunga mkono, akiwemo Hillary Clinton, John Kerry na Joe Biden.

Na yule aliyesema hatajenga mataifa ya watu? Alivamia Iraq Machi 2003, akaunda utawala wa muda Baghdad, akavunja jeshi la Iraq na kulijenga upya, akasimamia katiba na uchaguzi. Kama huko si kujenga taifa, basi JKT nao wafunge kambi. Silaha za maangamizi zilizotajwa kuwa sababu hazikupatikana. Halafu mwaka 2004 kambi ya Bush ikamwita Kerry kigeugeu kwa kubadilika kuhusu vita hivyohivyo! Kerry alibadilika kweli. Lakini ukitazama safari ya kutoka Kosovo mpaka Baghdad, utaona chama kizima kimegeuka kama kinyonga na hakuna aliyekiita kigeugeu.

Libya: vita visivyo uhasama

Msidhani nawapigia debe Wademocrat. Ngojeni.

Desemba 2007 Seneta Barack Obama, akitafuta urais, aliliambia gazeti la Boston Globe kwamba rais hana mamlaka kikatiba ya kuagiza shambulio peke yake iwapo taifa halikabiliwi na tishio. Machi 2011, akiwa rais, aliagiza mashambulizi Libya bila kura ya Bunge la nchi yake.

Kuna sheria ya mwaka 1973, iliyopitishwa baada ya maumivu ya Vietnam na licha ya pingamizi la Nixon. Inasema rais akiingiza majeshi kwenye uhasama bila ruhusa ya Bunge, siku 60 zikipita lazima aanze kuyatoa. Siku 60 zikapita mwezi Mei. Serikali ya Obama ikafanyaje? Ikasema kinachoendelea Libya hakifikii kuitwa "uhasama" kwa maana ya sheria hiyo, kwa kuwa hakuna askari wa Marekani ardhini na hatari kwa Wamarekani ni ndogo. Bomu linatua Tripoli, aliye chini anakufa, lakini si uhasama. Hilo sasa ndilo changa la macho.

Na Warepublican, wale wa mwaka 2002, ghafla wakaikumbuka katiba. Juni 24, 2011 Baraza la Wawakilishi lilikataa kuidhinisha kazi ya Libya kwa kura 295 dhidi ya 123. Wademocrat wengi waliokuwa wanaimba katiba enzi za Bush wakapata kikohozi.

Jina rasmi la kazi ile lilikuwa "kulinda raia". Ndivyo lilivyoandikwa kwenye azimio namba 1973 la Baraza la Usalama, na nchi tatu za Kiafrika zilizokuwa kwenye Baraza, yaani Afrika Kusini, Nigeria na Gabon, ziliunga mkono. Umoja wa Afrika ulipeleka marais Tripoli mwezi Aprili kutafuta mazungumzo, ila mabomu yakaendelea. Kufikia Oktoba Gaddafi alikuwa amekufa na "kulinda raia" kulikuwa kumegeuka kuondoa serikali. Afrika Kusini ikalalamika kwamba azimio limetumika vingine. Lakini ilikuwa imeshatia saini lebo bila kuuliza kilichomo kwenye chupa.

Marekani Kwanza, mara ya pili

Kauli ya "Marekani Kwanza" Trump hakuitunga. Mwaka 1940 kulikuwa na kamati yenye jina hilo iliyopinga Marekani kuingia vita dhidi ya Ujerumani ya Hitler. Rubani maarufu Charles Lindbergh alikuwa msemaji wake mkubwa. Ilivunjwa Desemba 1941 baada ya Wajapani kushambulia Pearl Harbor, na kwa miongo mingi jina lile lilikuwa la aibu. Mwaka 2016 Trump akaliokota, akalifuta vumbi, akashinda nalo. Aliwaambia Warepublican usoni kwamba vita vya Iraq vilikuwa kosa, na wapiga kura wa chama kilekile kilichopiga kura 215 za Iraq wakamshangilia.

Tangu hapo jezi zimebadilishwa kwa kasi. Aprili 20, 2024 Baraza la Wawakilishi lilipigia kura msaada wa dola kama bilioni 61 kwa Ukraine. Wademocrat wote 210 waliopiga kura walisema ndiyo. Warepublican 112 walisema hapana, 101 ndiyo. Chama cha Reagan kimegawanyika kuhusu kumkabili Mrusi, na chama cha McGovern kimesimama kama mtu mmoja kupeleka silaha. Mwaka huohuo Dick Cheney, makamu wa rais wa vita vya Iraq, alitangaza kumpigia kura Kamala Harris. Mwaka 2004 ungemwambia mtu hivyo angekupeleka Mirembe.

Kisha Juni 2025. Trump, aliyejinadi kuwa rais wa amani, aliagiza ndege zipige vituo vitatu vya nyuklia vya Iran. Huyohuyo mwaka 2011 alikuwa anaandika mtandaoni kwamba Obama angeanzisha vita na Iran ili achaguliwe tena. Makamu wake, JD Vance, akasema hawako vitani na Iran, wako vitani na mpango wa nyuklia wa Iran. Mnausikia mwangwi? Mwaka 2011 ilikuwa mabomu yasiyo uhasama, mwaka 2025 ni vita na mpango na si vita na nchi. Marais wawili, vyama viwili, fundi cherehani mmoja.

Septemba 2025 Trump akaruhusu Wizara ya Ulinzi ijiite tena Wizara ya Vita, jina lililotumika kabla ya Vita Baridi. Wengine walikasirika. Mimi nilisema moyoni, afadhali, angalau hapo lebo inafanana na kilichomo.

Somalia tena, maana haikuisha

Kama bado unaamini lebo inakueleza kitu, chukua Somalia uifuate rais kwa rais. Bush mdogo, Republican, alianza kuipiga kwa ndege mwanzoni mwa mwaka 2007 wakati majeshi ya Ethiopia yako Mogadishu. Obama, Democrat na mshindi wa Nobel ya amani, akaendelea kwa ndege zisizo na rubani na washauri wa kijeshi. Trump, "mpenda kujitenga", mwaka 2017 akalegeza masharti na mashambulizi yakaongezeka. Desemba 2020 akaagiza askari wapatao 700 watolewe. Biden, Democrat, Mei 2022 akawarudisha mamia kadhaa. Trump aliporudi, Februari 1, 2025, hata mwezi haujaisha, akatangaza shambulio kwenye milima ya kaskazini, na mwaka huo mashambulizi yakaongezeka tena.

Msingi wa kisheria unaotajwa ni kibali cha Septemba 2001, kifungu cha maneno 60 dhidi ya waliopanga mashambulizi ya Septemba 11 na waliowahifadhi. Al-Shabaab ya leo haikuwapo wakati huo. Hata hivyo kibali kimevutwa kama mpira wa manati mpaka kimefika Kismayu. Na Januari 5, 2020 moto huo ulivuka mpaka: Al-Shabaab walishambulia kambi ya Manda Bay, Lamu, wakaua Wamarekani watatu. Kwa hiyo anayesema mambo haya hayatuhusu aulize watu wa Lamu.

Na sisi je?

Tusijifanye watakatifu. Oktoba 2011 jeshi la Kenya liliingia Somalia kwa jina la "Linda Nchi". Tazama ustadi wa jina hilo: unavuka mpaka kwenda nchi ya mwenzio, jina linasema unalinda yako. Sikatai kwamba Kenya ilikuwa na sababu, watu walikuwa wanatekwa Lamu na mpakani. Nasema tu tulitazame neno. Mwaka uliofuata askari walewale wakaingizwa kwenye kikosi cha Umoja wa Afrika, wakaitwa walinda amani.

Hayati Raila Odinga alikuwa Waziri Mkuu wakati majeshi yanaingia, akaunga mkono. Mwaka 2014, akiwa kiongozi wa upinzani, baada ya shambulio la Westgate na mengine, alidai majeshi yarudi nyumbani. Inawezekana alikuwa sahihi mara zote mbili, hali hubadilika. Lakini chama kilichokuwa madarakani kilisema kuondoka ni udhaifu, na upinzani ukasema kubaki ni ukaidi. Mgawanyiko ulifuata nani yuko Ikulu. Umeona sasa kwamba ugonjwa huu hauhitaji viza?

Kwa nini inakuwa hivi

Kwa maoni yangu sababu ni tatu. Kwanza, mpinzani hana jeshi, ana mdomo tu, kwa hiyo katiba na tahadhari ndiyo silaha yake. Akiingia Ikulu anakabidhiwa jeshi, na katiba inaanza kumbana. Pili, maneno mengine yana kufuli la kisheria. Ukisema "vita" inabidi uende Bungeni, ukisema "mauaji ya kimbari" unaulizwa umefanya nini, kwa hiyo wanatafuta neno lisilofungua kufuli. Tatu, ni wapiga kura, yaani sisi wa kila nchi. Tunachukia vita vya wenzetu kuliko vita vyenyewe.

Wapo wachache wasiobadili jezi. Barbara Lee, Democrat wa California, Septemba 2001 alipiga kura ya hapana peke yake Barazani, 420 kwa mmoja, dhidi ya kile kibali cha maneno 60. Alitukanwa na kutishiwa. Ron Paul, Republican wa Texas, alikuwa mmoja wa wale sita wa mwaka 2002, na alipopinga Libya hakuwa anambadilikia mtu. Hawakubaliani karibu chochote kuhusu uchumi. Ila ndio ushahidi kwamba mtu anaweza kuwa na msimamo na si jezi tu. Ni wachache mno, na hilo nalo ni jibu.

Sisemi kila uingiliaji ni ubaya. Nimeeleza Rwanda, na siwezi kumwambia mtu wa Kibuye kwamba kukaa pembeni ni amani. Ndiyo maana majina haya yananikera. Neno "kujitenga" na neno "kuingilia" hayakuambii kama uamuzi ni wa haki. Yanakuambia tu msemaji anamsema nani.

Basi ukikutana na kichwa cha habari chenye maneno haya, achana na jina, uliza haya: Nani ametoa amri, na kwa ruhusa ya nani? Msemaji alisema nini rais alipokuwa wa chama kingine? Waliokufa chini wanahesabiwa na nani? Na siku ya kutoka imetajwa au imeachwa hewani? Ukipata majibu manne hayo hutahitaji kuambiwa nani mwewe nani njiwa. Utaona kucha mwenyewe.

Ukumbi ni wenu wandugu. Walio Lamu, Garissa, Kigali, Mogadishu na hata mlioko Minnesota, nataka hasa kuwasikia ninyi: kule kwenu waliwaita nini, na mlichokiona kilikuwa nini? Pingeni kwa hoja, matusi mwachieni Bob Dole.